Mbao za Mhasibu, Mvuke wa Mama Mkwe

Katika ukoo wa mume wangu, mwanamume hahesabiwi kuwa mtu mzima mpaka atengeneze kitu kwa mikono yake, na mke hahesabiwi kuwa mvumilivu mpaka aishi na kitu hicho kabla hakijakamilika. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa seremala Tanga, na hakuwahi kupita mtaa asionyeshe mlango aliouchonga yeye. Mwanawe ni mhasibu wa hoteli. Tangu tuoane amekuwa akitafuta kitu cha kutengeneza, nami nimekuwa nikificha nyundo.

Tunaishi Leadville, jimbo la Colorado, mji wa zamani wa machimbo ya fedha ulio juu kidogo ya mita 3,000. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa: ukishaipita Mandara na kabla hujafika Horombo, hapo ndipo kimo chetu, ila sisi hatushuki kesho yake. Maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharage yanayoinjikwa asubuhi hayana ahadi na mtu. Midomo hupasuka. Blanketi likikunjuliwa gizani hutoa cheche. Kila majira ya baridi nilimwomba mume wangu mashine ya mvuke ya chumbani, na kila mara alinijibu kwamba bajeti haina kifungu hicho.

Kisa chenyewe kilianza nikiwa mjamzito. Mama mkwe alikuwa ameshakata tiketi ya kuja kunilea arobaini, na mume wangu akaapa kwamba mama yake hatakanyaga zulia lile. Hapo sikumpinga. Zulia tulilirithi kwa wenye nyumba waliotangulia, pamoja na harufu ya mbwa wao. Likang'olewa, zikatokea mbao kuukuu za msonobari zilizopigiliwa juu ya boriti, zenye mianya, misumari iliyochomoza na milio ya kila namna. Juu ya hizo angetandika sakafu mpya ya mwaloni.

Akanunua mwaloni mwekundu, mbao za ulimi na mfereji zenye upana wa milimita 127, kwa kuwa muuzaji alimwambia mbao pana ndizo za watu wenye hadhi. Muuzaji huyohuyo akaongeza: ziacheni nyumbani siku tatu zizoee hewa, kisha pigilieni. Siku tatu! Masikioni mwa mhasibu hakuna neno tamu kuliko hilo. Lina mwanzo, lina mwisho, linaingia kwenye kalenda. Akaliandika kwenye karatasi ya jokofu: mbao kuingia, mbao kuzoea, misumari, vanishi, mama uwanja wa ndege. Mtoto naye alipangiwa tarehe yake na kutakiwa asiwahi.

Mbao zikashushwa gereji, ndani ya maboksi yaliyofungwa plastiki, zikarundikwa moja juu ya nyingine mpaka usawa wa kifua. Gereji yetu haina joto. Usiku wa Novemba maji ya ndoo huganda humo. Nikauliza: zinazoea hewa ya gereji au ya sebuleni? Na zitaizoeaje zikiwa zimevikwa plastiki? Nikaambiwa daktari alisema nipumzike.

Aliyetuokoa ni Fundi, ingawa alikuja kutuazima bunduki ya misumari tu. Ni mtu wa Bukavu, anakaa Aurora, pembeni mwa Denver, waliko Wakongo wengi, na kutandika sakafu ndiyo kazi yake. Alichana boksi moja, akatoa kifaa chenye sindano mbili, akazidunga kwenye ubao. Asilimia 9. Akaingia sebuleni, akadunga msonobari wa chini. Asilimia 5. Akatutazama kwa zamu.

"Kaka, hizi mbao ziko na maji."

"Zimekaushwa kiwandani, Fundi. Imeandikwa kwenye boksi."

"Zilikauka, ndiyo. Njiani zikakunywa tena."

Boksi halikusema uongo. Viwanda vya Marekani hukausha mbao za sakafu ndani ya tanuri mpaka zibaki na unyevu wa asilimia 6 hadi 9, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa ubao usio na maji kabisa. Lakini ubao, hata uliokatwa karne iliyopita, haukomi kuvuta na kutoa unyevu mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Ndani ya nyumba yenye joto la nyuzi 21, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia kwenye 9 hivi. Hewa ikishuka hadi 30, mbao hushuka hadi 6. Maabara ya serikali ya mazao ya misitu, iliyopo Madison, Wisconsin, tangu 1910, inashauri mbao za ndani zifungwe zikiwa na wastani wa asilimia 8 katika sehemu kubwa ya Marekani, 11 katika mwambao wenye joto na unyevu wa kusini, na 6 katika maeneo makavu ya kusini-magharibi. Makabati ya marehemu baba mkwe kule Tanga, ambako hewa haiachi kubeba bahari, hukaa na 14 hivi na hayajalalamika.

Huku kwetu mambo ni kinyume. Hewa ya nje ya nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikishiba, haibebi zaidi ya gramu 2 na ushei za maji katika mita moja ya ujazo. Iingize ndani, ipashe moto mpaka nyuzi 21, ambapo ingeweza kubeba gramu 18, na utabaki na unyevu wa asilimia 12 hivi. Hewa ya namna hiyo hudai maji kwa kila kilichomo nyumbani: midomo, kuta, mwaloni.

Fundi akachukua kalamu akapiga hesabu juu ya boksi. Mwaloni mwekundu uliopasuliwa kwa njia ya kawaida hubadilika upana kwa asilimia 0.37 hivi kila unyevu wake unapobadilika kwa asilimia 1. Ukishuka kutoka 9 hadi 6, ubao wa milimita 127 hupungua milimita 1.4. Katika sebule yenye upana wa mita 5, jumla ni sentimita 5 na nusu za mianya. Mume wangu alisikiliza bila kushtuka. Ndipo Fundi akatoa mfukoni sarafu ya senti kumi ya Marekani, yenye unene wa milimita 1.35, akamwambia kwamba kati ya kila ubao na mwenzake sarafu hii itazama. Mhasibu akakaa chini.

Halafu ikaja kanuni ya chama cha kitaifa cha sekta ya sakafu za mbao cha Marekani, NWFA: kwa mbao zenye upana wa inchi 3 au zaidi, tofauti ya unyevu kati yake na sakafu ya chini isizidi asilimia 2. Kwa mbao nyembamba kuliko hizo inaruhusiwa 4. Tofauti yetu ilikuwa 4, na mbao zetu zilikuwa za watu wenye hadhi. Zile nyembamba za milimita 57 zingeacha mwanya usiofika hata nusu ya huo.

"Sasa tungoje siku ngapi?" mume wangu akauliza, mkono umeshafika kwenye kalenda.

"Usihesabu siku. Ingiza ndani, fungua boksi zote, dunga, andika. Namba ikikataa kusogea, unaniita."

Nani asubiri namba ikatae kusogea, na mama yake yuko njiani? Fundi alipoondoka tu, maboksi yakaingia sebuleni, yakachanwa, mbao zikarundikwa karibu na jiko la kuni. Joto la nyumba likapandishwa mpaka madirisha yakatuonea huruma. Feni ikawashwa, Leadville, Desemba, feni. Niliamka usiku nikidhani kuna anayevunja vijiti. Ni ncha za mbao zilizokuwa zikipasuka. Mbao hupoteza maji haraka zaidi kupitia ncha zake; ncha zikisinyaa kabla ya katikati, zinachanika. Zilizokuwa karibu zaidi na jiko zilikuwa pia zimejikunja kingo juu.

Akampigia Fundi simu akitegemea kupongezwa, kwa kuwa mbao zote zilizopona zilikuwa zimeshuka na nyingine zilisoma 4. Badala yake akapewa habari za Agosti. Julai na Agosti, milima hii hupata mvua za alasiri na hewa hulainika. Mbao zilizopigiliwa zikiwa na kiu ya 4 zitapanda hadi 8, na sebule ile ile ya mita 5 itataka sentimita 7 za ziada. Hazipo. Mbao zitasukumana mpaka zinyanyuke kutoka kwenye misumari, na mama mkwe atakuwa na kilima ndani. Kinachotakiwa, Fundi akasema, ni mbao zizoee nyumba hii jinsi watu wanavyoishi ndani yake, si nyumba inayochomwa kama tanuri wala gereji. Hewa iwe kati ya asilimia 30 na 40, na ibaki hapo.

Kesho yake mume wangu akarudi na mashine ya mvuke, kubwa, yenye tangi la maji na taa ya buluu. Midomo yangu ilipopasuka, bajeti haikuwa na kifungu. Mwaloni ulipopasuka, kifungu kikapatikana. Sikusema neno, nililihifadhi, maana siku za kulitumia hazikosekani.

Mama mkwe akafika. Usiku wa kwanza alitokwa damu puani, asubuhi akasema huu si mji, ni kaango. Akajipaka mafuta ya nazi kuanzia utosini, akanipaka na mimi, kisha akaingia sebuleni na kuusimamia ule mrundo wa mbao kwa muda mrefu.

"Hizi umezilazaje, mwanangu?"

"Zinazoea hewa, mama."

"Hewa inapita wapi? Zimelaliana tumbo kwa mgongo. Baba yako angekuchapa kwa huo huo ubao."

Mjane wa seremala si mtu wa kubishana naye. Miaka na miaka aliwapikia wanagenzi wa karakana, na sikio lake lilikuwa kazini. Akaagiza vijiti vya unene mmoja, vikavu. Mbao zikashushwa zote, zikapangwa upya safu kwa safu, kila safu imetenganishwa na nyenzake kwa vijiti, na vijiti vya juu vikasimama sawasawa juu ya vya chini, ili mzigo ushuke wima na mbao zisipinde. Mirundo ikawekwa mbali na jiko na mbali na ukuta wa nje. Akaonyesha zilizojikunja, zikatengwa. Zilizochanika ncha akasema zikatwe, kwani kuna pembe na makabati yanayohitaji vipande vifupi. Mume wangu alibeba, alipanga, na hakutaja kalenda hata mara moja.

Mtoto hakuisoma ile karatasi ya jokofu. Alikuja kabla ya tarehe yake, katikati ya theluji, na hospitali iko upande wa pili wa njia ya Fremont, inayopanda hadi mita 3,450. Nakumbuka mwenzangu akiendesha gari kwa mikono miwili na kuniuliza, kati ya uchungu na uchungu, kama nadhani mama atakumbuka kujaza maji kwenye mashine. Jibu nililompa halichapishiki.

Tulirudi na binti, tukakuta sebule ni ghala. Wageni waliokuja kutoa hongera waliketi jikoni, wengine kwenye ngazi. Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na kitu sijawahi kukisikia tangu tuhamie: joto lenye maji. Mama mkwe alikuwa ameanza kazi yake. Sufuria la maji ya kunikanda halikutoka jikoni. Uji wa pilipili manga ulichemka asubuhi, supu ikapokea mchana, maharage yakiendelea na safari yao pembeni. Nepi za kitambaa, kwa kuwa za dukani alizikataa, zilifuliwa kila siku na kuanikwa kwenye kamba kutoka mlango hadi mlango. Kipima hewa cha ukutani, kilichokuwa kikisoma 12 kabla ya mashine na 24 baada ya mashine, kikapanda hadi 35 na kukaa hapo. Pua ya mama mkwe ikapona. Midomo yangu ikafunga. Mtoto akapumua bila kukoroma.

Mume wangu akaanzisha daftari. Kila jioni, mwana begani, alidunga mbao zilezile alizozitia alama ya kalamu na kuandika. Mwanzoni namba zilitofautiana: zilizokuwa juu 6, zilizokuwa katikati ya mrundo 8. Taratibu zikakaribiana. Zilipoungana kwenye 7, na msonobari wa chini nao ukapanda hadi 6 kwa mvuke uleule, alikuja chumbani kuniambia kwa sauti ambayo hakuitumia hata aliponiposa.

Hatukufika hapo bila vita. Mama mkwe, kamba zilipojaa, alitandaza kanga mbichi juu ya mrundo. Mbao za safu ya juu zikasoma 11, na mwanawe akapandisha sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia katika ukoo ule. Mama akajibu kwamba nguo ni za mtoto wake yeye, na mbao ni za nani? Akanyamaza. Mbao zile zikawekwa kando kukauka upya, na kamba ya tatu ikafungwa bafuni. Vita ya pili ilikuwa ya madirisha: usiku baridi ilipofika nyuzi 20 chini ya sifuri, vioo vilitiririka matone na barafu ikajijenga kwenye fremu. Fundi akasema tushushe hewa hadi 30 usiku kama huo, la sivyo tutaokoa sakafu na kuozesha madirisha.

Wakati namba zinatulia, sakafu ya chini ilitengenezwa. Mume wangu alitambaa uvunguni, palipokuwa na udongo mtupu, akautandika plastiki nene ya milimita 0.15 ili unyevu wa ardhi usipande na kuzilowesha mbao kwa tumboni huku migongo yake ikikaushwa na hita. Tofauti hiyo ndiyo hukunja ubao uwe na kingo zilizonyanyuka. Misumari iliyolia ilisindikizwa na skrubu mpaka kila ubao ukanyamaza chini ya mguu. Kwa rula ndefu na pimamaji aligundua bonde karibu na mlango lililozidi milimita 5 katika mita 3, akalijaza, na kilima karibu na dirisha, akakipiga msasa. Sketingi zikabanduliwa, miimo ya milango ikakatwa chini ili mbao mpya ziingie chini yake. Kila kilichohusu maji, rangi za ukutani na lipu ya kuziba matundu, kilimalizwa na kukauka kwanza.

Fundi akapanda tena mlimani na siku ikawa ya misumari. Walichanganya mbao kutoka maboksi tofauti ili rangi zisigawane chumba, wakazilaza kukatisha boriti, na kuacha nafasi ya milimita 19 kila ukutani. Nafasi ile ilimwumiza mume wangu. Alitaka mbao ziubusu ukuta, watu waone kazi. Fundi akamwambia sketingi itaificha, na Agosti itaitumia. Bunduki ya misumari ililia tangu asubuhi, na binti, ambaye huamshwa na kijiko kikidondoka, alilala fofofo.

Sakafu ilipokamilika na vanishi kukauka, mama mkwe aliitembea pekupeku pembe hadi pembe. Akatikisa kichwa cha kukubali. Kisha akaenda jikoni, akarudi na ndoo ya maji, sabuni na dekio, kanga ameifunga kibwebwe, tayari kupiga deki kama mtu mwenye adabu zake. Sijawahi kumwona mhasibu akikimbia namna ile. Alisimama kati ya mama yake na mwaloni, mikono imepanuliwa, akimsihi kwa majina yote ya heshima anayoyajua. Walikubaliana kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisidondoshe tone. Mama mkwe alikitumia mpaka siku aliyoondoka, huku akisema waziwazi kwamba nyumba yetu ni chafu.

Agosti ilikuja na mvua zake za alasiri. Mbao zilipanda hadi 8, zikasogeleana, zikatumia sehemu ya zile milimita chini ya sketingi, na hakuna kilichonyanyuka. Majira ya baridi yaliyofuata, bila mama mkwe na sufuria zake, mashine peke yake haikufikisha hewa mbali zaidi ya 26, na mianya myembamba ikafunguka hapa na pale. Mume wangu akanunua putti ya kuziba. Fundi akamkataza: ukiziba Januari, Agosti mbao zitaitema, na kama haitoki zitabanana. Iache sakafu ipumue na majira yake. Dawa ya mianya ni hewa. Basi sasa anachemsha maji yeye mwenyewe. Kila jioni sufuria iko jikoni, nepi ziko kwenye kamba, na maharage, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, huiva siku yaliyoinjikwa, kwa sababu hakuna anayethubutu kuzima jiko.

Juzi mama mkwe alipiga simu kutoka Tanga kuuliza kama mjukuu ameanza kutembea. Mume wangu akaiweka sauti kubwa ili wote tusikie, akafungua daftari, akamjibu kwamba hewa ni 33, mbao ni 6 na nusu, na ubao ulio karibu na jiko anautilia mashaka kidogo.

Mama akamwambia ampe simu mtu mwenye akili.